MAZUNGUMZO YA JUMA: Baisikeli Iliyoangikwa Ukutani



Ukipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vyetu vya Mbozi, utaona ya kuwa nyumba nyingi zina baisikeli, na baisikeli nyingi hazina mwendo. Moja imeangikwa ukutani nyuma ya ghala. Nyingine imelazwa darini pamoja na magunia matupu ya kahawa. Nyingine kuku wameifanya keria yake kuwa mahali pa kulala. Ukimwuliza mwenyewe kama imeharibika, atakujibu, "Hapana, ni nzima, imeishiwa upepo tu." Lakini ukimtazama vema utatambua ya kuwa upepo haukutoka katika tairi peke yake. Umemtoka na yeye moyoni.

Habari ya upepo huo ndiyo mazungumzo yetu ya juma hili. Sisemi juu ya mtu aliyeuza baisikeli akanunua pikipiki kwa ajili ya kazi yake. Huyo ana haki yake. Nasema juu ya mtu aliyependa kwa moyo wote kupanda na kushuka vilima kwa baisikeli, aliyejua kila jiwe na kila mzizi katika njia za mashambani, halafu hamu ikamtoka, asijue imekwenda wapi.

Hivi karibuni mama mmoja, mkulima wa kahawa, alifika ofisini kwetu kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake. Alipokwisha alikaa kidogo, akasema, "Karani, nina neno. Mwanangu ana miaka 22. Ana baisikeli ya gia, ile ya milimani, aliyoinunua kwa fedha ya vibarua vyake vya kuchuma kahawa. Yeye na wenzake wawili walikuwa hawashikiki. Kila Jumapili jioni wako vilimani, wanarudi na vumbi mpaka kwenye kope, wanacheka. Mwaka jana alianguka katika mteremko, akavunjika mtulinga. Mfupa umeunga zamani. Lakini baisikeli ameiangika, na tangu hapo siku nzima yupo kijiweni anatazama pikipiki za wenzake. Sasa yuko mtu anataka kuinunua. Je, niiuze?"

Nilimjibu, "Mama, mwenye mali ni yeye. Usiiuze kabla hamjazungumza." Lakini swali lake lastahili jibu refu zaidi, kwa maana si nyumba yake peke yake yenye baisikeli ukutani.

TUTAFUTE CHANZO

Mganga mwema haanzi kwa dawa, huanza kwa kuuliza panapouma. Hamu ya mtu haitoki kwa sababu moja.

Sababu ya kwanza ni hofu. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mfupa huunga kwa majuma, lakini hofu haionekani katika picha ya hospitali. Tena hofu hupenda kuvaa nguo za wengine. Haisemi, "Naogopa." Husema, "Nimechoka," au, "Sina nafasi," au, "Mambo ya kitoto hayo." Kwa hiyo mzazi asiyesikiliza vizuri hudhani mwanawe amekuwa mvivu, naye humtukana, na matusi huizidisha hofu.

Sababu ya pili ni aibu. Zamani mwenye baisikeli alikuwa mtu wa kutajwa. Mwalimu, katekista na karani wa chama cha ushirika, wote walijulikana kwa baisikeli zao toka mbali. Siku hizi pikipiki inampita na kumwachia vumbi, na abiria anageuka kumcheka. Kijana hujiona kama mtu anayetangaza umaskini wake barabarani.

Sababu ya tatu ni upweke. Wengi walianza kupanda vilima kwa kundi. Mmoja akaoa, mwingine akaenda Tunduma kutafuta riziki mpakani, na yule wa mwisho akabaki na baisikeli yake kama ngoma isiyo na wachezaji.

Sababu ya nne ni mwili wenyewe. Mtu mwenye malaria inayomrudia, au aliyepungukiwa damu, au anayefanya kazi nyingi kwa chakula haba, hawezi kuwa na hamu ya kilima. Huyo aende zahanati kwanza, apimwe. Tena wako waliopoteza hamu si ya baisikeli tu, bali ya kila kitu: hawataki kula, hawalali, hawataki kuonana na watu, na hali hiyo imepita majuma mawili au zaidi. Hiyo si tabia mbaya, wala si uvivu. Ni ugonjwa wa huzuni, nao una matibabu. Msimwache peke yake, na wala msimlaumu. Mfuatane naye kwa mganga wa zahanati au wa hospitali.

HATA FUNDI MKUU ILIMTOKA

Sasa nataka kuwasimulia habari ya mtu mmoja, ili kijana wetu asidhani ya kuwa yeye ndiye wa kwanza kupotelewa.

Baisikeli za milimani hazikuanzia kwa matajiri wala katika viwanda vikubwa. Zilianzia California, nchini Marekani, katika miaka ya 1970. Huko Marin, kaskazini ya mji wa San Francisco, vijana walichukua baisikeli kuukuu, nzito, za fremu ya chuma na tairi nene, wakawa wanashuka nazo mlimani kwa mashindano. Kuanzia mwaka 1976 walishindana katika njia moja ya vumbi na mawe, yenye kushuka kiasi cha futi 1,300 katika mwendo wa maili mbili hivi. Breki zao zilikuwa za ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, za kukanyaga pedeli kinyume. Ziliunguzwa na msuguano hata grisi ikawaka na kutoa moshi, ikabidi kila baada ya mashindano kitovu kifunguliwe na kutiwa grisi mpya. Kwa sababu hiyo njia ile ikapewa jina la Repack, maana yake, kwa lugha yetu, "pakia upya."

Miongoni mwa mafundi waliotengeneza fremu madhubuti kwa ajili ya milima alikuwa Tom Ritchey. Alianza kuunda fremu za baisikeli tangu ujana wake, na mwaka 1979 fremu zake zilikuwa zinauzwa na wenzake wawili, Gary Fisher na Charlie Kelly. Leo baisikeli za namna hiyo zimeenea dunia nzima, na mwaka 1996 mashindano yake yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Atlanta.

Basi mtu huyu, mmoja wa waliozizaa baisikeli za milimani, alifika umri wa makamo akakumbwa na taabu nzito. Ndoa yake ya miaka mingi ilikuwa imevunjika, na furaha ilikuwa imemtoka. Baisikeli alikuwa nazo za kila namna, nzuri kupita zote, hazikumfaa kitu. Kwa hiyo yule anayesema, "Ningekuwa na baisikeli mpya, hamu ingenirudia," na alitafakari hilo.

Mwezi wa Desemba mwaka 2005 Ritchey alikwenda Rwanda, nchi ya vilima na udongo mwekundu na kahawa, kama Mbozi yetu. Akazunguka kwa baisikeli. Huko aliona watu wanatumia baisikeli za mbao tupu, zilizochongwa kwa panga na shoka, hazina pedeli wala cheni, zimebebeshwa viazi na kuni na kuteremshwa kilimani. Ndugu zetu wa Goma wanazo za jamaa hiyo, waziitazo chukudu. Akaona na wakulima wa kahawa wanavyohangaika kufikisha mavuno yao.

Ninyi wakulima hamhitaji kufundishwa na karani jinsi kahawa ilivyo. Tunda bivu likichumwa hutakiwa kumenywa siku ile ile. Likilala ndani ya gunia huanza kuchacha, na ladha yake huharibika, na bei yake hushuka. Mtu wa kilimani aliye mbali na mashine, asiye na chombo, huiona jasho yake inapotea njiani. Ritchey alipoona hayo, mikono yake ilikumbuka kazi. Alichora baisikeli ndefu, imara, yenye gia za kupandia na mahali pa kufunga magunia nyuma, na wakulima wa Rwanda wakaipata kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Mwaka 2006 yeye na wenzake wakafanya sikukuu ya mashindano, na baisikeli za mbao zikashindana pia, watu wakashangilia.

Tazameni basi. Mtu yule hakukaa nyumbani akingoja hamu irudi ndipo apande baisikeli. Alipanda kwanza, akaenda, akakuta kazi yenye maana, na hamu ikamfuata. Hilo ndilo neno langu la juma hili, nanyi mkisahau mengine yote, likumbukeni hili: hamu haitangulii mwendo, huufuata.

KIJANA WA RWANDA

Katika nchi hiyo hiyo aliishi kijana Adrien Niyonshuti. Mwaka 1994, akiwa mtoto wa miaka saba, ndugu zake sita waliuawa katika mauaji ya kimbari. Kama yuko mtu aliyekuwa na sababu ya kukaa kitako na kutotaka kitu duniani, ni yeye. Lakini alijifunza baisikeli, akawa mwendeshaji hodari. Mwaka 2007 Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki mbio za Tour de France, mwaka 1981, alianza kuwafundisha vijana wa Rwanda kama timu, na Niyonshuti alikuwa mmoja wao.

Mwaka 2012 alibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki mjini London, kisha akashindana katika mbio za baisikeli za milimani. Hakupata medali. Alimaliza wa 39. Lakini alimaliza, na nyumbani walimpokea kama shujaa, kwani walijua alikotoka.

Tena mwezi wa Septemba mwaka 2025 dunia nzima ya baisikeli ilikusanyika Kigali kwa mashindano ya ubingwa wa dunia ya barabarani, ambayo yalikuwa hayajafanyika Afrika hata mara moja. Siku ya mwisho wanaume waliendesha zaidi ya kilomita 260 juu ya vilima. Walioanza walizidi 150. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Waliosalia walishuka katika baisikeli zao njiani, na wengi wao ni watu wanaolipwa mishahara kwa kuendesha. Hakuna aliyesema ya kuwa hao si waendeshaji. Kijana, kuacha siku moja si kuacha kabisa.

SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, ishushe baisikeli ukutani na uitengeneze, hata kama huna nia ya kuipanda leo. Ifute vumbi, ifungue cheni uioshe kwa mafuta ya taa, kisha uitie oili kidogo. Zungusha kila gurudumu uangalie kama rimu imepinda. Gusa spoki moja moja, iliyolegea utaijua. Tazama mipira ya breki, na ikiwa imelika mpaka chuma chaonekana, badili bila kungoja. Mara nyingi hofu ya mteremko ina haki yake, kwa kuwa mikono yako yajua ya kuwa breki ni mbovu hata kabla ya kichwa chako kukubali. Kazi hii ya jioni moja, pamoja na fundi au mdogo wako, ni nusu ya dawa.

Pili, anza kwa mwendo mfupi hata uone haya. Dakika 20 zatosha, mara tatu kwa juma, katika tambarare. Sisi tunaishi juu, mita 1,500 na zaidi toka usawa wa bahari, na pumzi ya mtu aliyekaa miezi mingi hupungua upesi. Usijipime kwa nguvu zako za mwaka jana. Rudi nyumbani ungali unataka kuendelea, ndipo kesho utatamani. Ukipata kilima kikali, shuka usukume. Hata mabingwa wa milimani hufika mahali wakaibeba baisikeli begani. Na aliyevunjika mfupa ahakikishe kwanza kwa mganga ya kuwa mkono una nguvu zake.

Tatu, uirudie hofu kidogo kidogo. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma; na wengi hawaanguki kwa kupanda bali kwa kushuka. Chagua mteremko mdogo, mpana, usio na mawe, uushuke mara tano polepole. Simama juu ya pedeli, zote mbili zikiwa sawasawa, visigino vikishuka kidogo, na mwili uvute nyuma. Magoti na viwiko visikakamae. Punguza mwendo kabla ya kona, si katikati yake. Breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma, lakini ukiibana kwa ghafula katika mteremko itakurusha juu ya usukani. Basi ziminye zote mbili kwa upole. Macho yatazame unakotaka kupita, wala si jiwe unaloliogopa, kwani baisikeli hufuata macho. Wakati wa mvua, rimu za chuma zikilowa breki hushika kidogo sana, na udongo wetu mwekundu huteleza kama sabuni. Siku hiyo kutembea kwa miguu si woga. Kofia ngumu, kwa anayeweza kuipata, ivaliwe.

Nne, epuka barabara kuu. Malori yaendayo Tunduma na Zambia hayana nafasi kwa mtu anayejaribu kurudisha moyo wake. Njia za mashamba ya kahawa zipo, zina kivuli na ndege, nazo ndizo baisikeli ya milimani iliumbiwa.

Tano, ipe baisikeli kazi. Mpelekee bibi unga upande wa pili wa bonde. Chukua dawa ya mgonjwa. Msimu wa kuchuma ukifika, wahisha debe la kahawa mashineni kabla halijachacha. Mtu anayesema, "Nitaendesha nikijisikia," hukaa. Lakini anayesema, "Bibi anangoja unga," huenda, na arudipo hushangaa kuona ya kuwa alikuwa akipiga mluzi njiani. Halafu jiwekee safari moja ya furaha. Vijana watatu wakipatana kwenda Ndolezi kukitazama Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma la tani zipatazo 16 lililotoka angani, hiyo ni safari ya kufanyia mazoezi mwezi mzima.

Sita, tafuta mwenzako. Kama wa zamani wameondoka, wako wadogo wanaotamani kufundishwa. Wala msiwasahau mabinti. Huko Kigali wanawake nao walishindania ubingwa wa dunia katika vilima vile vile. Anayemfundisha mwingine kushuka mteremko hujikuta ameshuka yeye mwenyewe bila kuwaza hofu.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi, msimcheke kijana anayerudia jambo aliloliacha. Msimlinganishe na mwana wa jirani mwenye pikipiki. Msimwambie, "Utaanguka tena." Mwulizeni, "Umefika wapi leo?" kisha msikilize jibu lote. Na ikiwa baada ya kujaribu kwa mwezi mmoja au miwili ataona ya kuwa baisikeli si yake tena, aiuze mwenyewe kwa hiari yake, ajue anaachana nayo kwa amani wala hakufukuzwa na hofu. Hilo nalo ni jibu jema. Kinachoharibu ni kitu kuangikwa miaka, hakitumiki wala hakiuzwi, na mwenyewe akipita chini yake kila siku hainui macho.

Mwenye baisikeli ukutani, Jumamosi hii ishushe. Kuku watapata pengine pa kulala. Na mwenye pampu asimnyime jirani yake.

Kwa herini mpaka juma lijalo.

Karani wa Parokia, Vwawa